Tabia Isiyoshuhudiwa Si Tabia

Kwa niaba ya Idara ya Mwenendo wa Watoto Wadogo, ambayo mimi ni Katibu wake Msaidizi, natangaza kwa fahari kwamba nchi yetu haina mtoto mtukutu. Hata wa dawa. Tangu idara izinduliwe kwa utepe, matarumbeta na hotuba iliyotuchosha wote, hajathibitishwa hata mmoja. Wenye wivu wanadai ni kwa sababu ya utaratibu wetu. Waseme wee, watachoka.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Tunaye mtaalamu wa tabia za watoto, mama mwenye shahada na subira, anayekaa chumba cha mwisho chenye mkeka na viti vidogo. Ila mtoto haruhusiwi kumwona mpaka Kamati ya Ushuhuda imkute akifanya huo utukutu papo hapo, mbele yetu, saa za kazi. Tabia isiyoshuhudiwa si tabia, ni umbea. Mtaalamu alishalalamika kwamba hana wa kumhudumia. Tulimjibu kuwa hayo ndiyo mafanikio, ashukuru.

Basi Ijumaa moja akaingia fundi cherehani wa kiwandani, kamshika mkono bintiye mdogo wa chekechea, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna.

"Shikamoo," mtoto akaniamkia. Nikajua hapa hatuna kesi.

"Kaka yangu, huyu anang'ata," mama akasema. "Kang'ata wenzake, juzi kamng'ata na mwalimu. Wameniambia Jumatatu nisipokwenda na neno la mtaalamu, nisimpeleke tena. Na mimi kiwandani nimeshaonywa. Nikikaa naye nyumbani tutakula nini? Nimechapa, nimebembeleza, nimelia. Nimefika mwisho, kaka."

Nilimhurumia kweli. Halafu nikamwomba amwambie mtoto ang'ate.

"Ang'ate nani?"

"Yeyote, dada. Kamati iko tayari."

Kamati ni Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti, mimi, na mtunza stoo, ambaye huhudhuria vikao vyote akiwa amelala. Mkurugenzi akakunja mkono wa shati, akaunyoosha mbele ya mtoto.

"Haya, mtoto mzuri, ng'ata. Usiogope, serikali ipo."

"Sitaki. Mama kanikataza."

Mama akashika kiuno. "Makubwa haya! Usiku na mchana namfundisha asing'ate watu, leo nyinyi mnamwomba?"

"Mama, usiingilie mchakato," Mkurugenzi akamwonya.

Tukampa biskuti. Tukamnyang'anya biskuti. Akatutazama kama watu tuliokosa kifungua kinywa, akasema tule tu, yeye ameshiba. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamshauri mama arudi mtoto akishaharibika vya kutosha.

"Siondoki," mama akasema, akaketi sakafuni. "Mtanibeba."

Tukainama kujadili kama tuna bajeti ya kumbeba. Kumbe mtoto ameuona muhuri wa Mkurugenzi mezani. Akauchukua, akaanza kugonga: karatasi, meza, goti lake, barua zilizolala hapo tangu mvua za mwaka jana. Nisiwe mchoyo wa sifa, aligonga vizuri. Kazi ya idara ilisonga kuliko wiki nzima.

"Lete muhuri wangu," Mkurugenzi akasema.

"Ngoja zamu yako. Bado nauchezea."

Jamani! Yule bwana alikuwa hajaambiwa "ngoja" tangu aingie ofisi ile. Mashavu yakamvimba. Akapiga mguu chini. "Wangu! Nimesema wangu!" Akavurumisha miwani, akaisukuma meza, chai ikammwagikia mtunza stoo, naye akaamka kwa mara ya kwanza katika historia ya kamati. Mkurugenzi akamrukia mtoto. Mimi, kwa kulinda hadhi ya ofisi, nikaweka mkono katikati.

Akaning'ata. Na wala si kwa utani. Nilipiga yowe hadi watu wa foleni ya nje wakanyamaza.

Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka, mtaalamu akachomoza, macho yamejaa matumaini. "Nani kang'ata?"

Mtunza stoo akanyoosha kidole kwa bosi.

"Kamati imeshuhudia?"

"Kwa macho yetu," nikasema. Sheria ni sheria, na mkono ulikuwa unawaka moto.

"Basi ingieni. Mama, na wewe njoo na mtoto."

"Huyo hajathibitishwa!" Mkurugenzi akapinga, sauti ya kilio.

"Zamu yako itafika, baba. Kaa hapo kwanza." Akamkalisha kwenye kiti kidogo, naye akakaa, amenuna. Kisha mtaalamu akapiga magoti mkekani mbele ya mama. "Wewe mwenyewe, mwenzangu, unapata usingizi?"

Mama alilia hapo kilio cha mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Wakaongea taratibu: anang'ata wakati gani, kabla yake huwa kumetokea nini. Mtoto mwenyewe akadakia, "Wananinyang'anya, halafu maneno yanachelewa kutoka."

"Tutayafundisha yawahi," mtaalamu akamwambia. "Jumatatu tunakwenda shuleni pamoja. Nitakaa darasani kwenu, na mwalimu nitaongea naye mimi."

Mama akafuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka kidogo.

"Haya, anayefuata," mtaalamu akasema. "Huyu mlezi wake ni nani?"

Wote wakanitazama. Nikavuta kiti kidogo, nikakaa, magoti yakigusa kidevu.

"Tabia hii ilianza lini?"

"Tangu apandishwe cheo."

"Na akifanya hivi, nyinyi huwa mnamfanyaje?"

Nikamtazama Mkurugenzi, kisha mtunza stoo. Hakukuwa na wa kunisaidia.

"Huwa tunampigia makofi."