Lifti ya Kwenda Ukweni

Jumatano, 6 Mei
Mafuta yamepanda tena. Na Jumamosi natakiwa Nassa, nikajitambulishe kwa Mzee Masunga, baba yake Stephania. Hajawahi kuniona. Stephania ameagiza nifike na usafiri wa heshima, nisimwaibishe. Wilbroad, tunayefanya naye kazi masjala, ndiye mshenga wangu. Anataka twende na gari lake, tuchangie mafuta. Nimekataa. Bariadi hii mtu mwenye akili hakosi lifti.

Alhamisi, 7 Mei
Asubuhi nimekwenda barabara ya Lamadi kuulizia. Lori la mbuzi likasimama. Dereva akasema nafasi ipo, nyuma, pamoja na mbuzi. Nimemshukuru. Nampenda Stephania, ila kuna mipaka.

Jioni, neema! Mtaa wa pili kuna msiba. Mzee Mihayo amefariki, anazikwa kesho, na anazikwa Nassa! Fuso linaondoka alfajiri. Mungu anisamehe, nimefurahi. Nimekaa pale msibani nikala ubwabwa na kusikiliza habari za ukoo.

Ijumaa, 8 Mei
Nimefika kwenye Fuso na suti yangu ndani ya mfuko. Kasmiri, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akatangaza kwamba kwa bei hii ya mafuta wanapanda ndugu tu. Majirani waombee wakiwa nyumbani. Akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Ulimi ukanitangulia! Nikasema mimi ni mtoto wa mdogo wake, yule aliyehamia Mpanda na ng'ombe zamani.

Kisha Mama Felisita, dada wa marehemu, akaniangukia kifuani akilia kwamba damu imerudi nyumbani. Akasema hata masikio ni yale yale. Nimekalishwa mbele, karibu na dereva. Kiti laini kabisa. Stephania kapiga simu njia nzima, sikupokea. Najua ataniuliza habari za gari.

Tumezika. Nimechimba mpaka viganja vimechubuka. Nilipotaka kuaga, Mama Felisita alishangaa. Mtoto wa ndani ataondokaje kabla ya kunyolewa?

Jumamosi, 9 Mei
Nimenyolewa. Upara mtupu. Kisha wakanipeleka kwa baba zangu wadogo, nitambulishwe. Wa kwanza kwenye mstari: Mzee Masunga.

Kumbe yeye na marehemu baba zao ni tumbo moja! Kumbe zile simu zilikuwa za kunieleza kwamba wamefiwa, nisije. Mzee akanishika upara kwa mikono miwili, akaniita ng'wana wane, mwanangu. Akamwita Stephania aje amsalimie kaka yake.

Nilimvuta Stephania pembeni, nikamwambia naenda kuungama sasa hivi. Akasema niende tu. Ila baba yake ataniuliza kwa nini nilidanganya mbele ya maiti, na je, nitamjibu kwamba nilikuwa nakwepa kuchangia mafuta? Nikaghairi. Mtu wa namna hiyo hata mimi nisingempa binti.

Mara gari la Wilbroad likaingia. Nilipoacha kupokea simu, Stephania alimpigia yeye. Ameleta mchele wa rambirambi na uso wa huzuni. Stephania alimshukuru kwa upole, akanigeukia mimi, akanipa pole na msiba. Akaniita kaka.

Nimelia. Machozi ya kweli, bila aibu. Mama Felisita akasema hakujua kwamba nilimpenda baba yangu mkubwa kiasi hiki.

Jumapili, 28 Juni
Wilbroad amepeleka posa. Yake mwenyewe. Imepokelewa. Mimi nilikaa upande wa wenye binti, roho inaniuma kupita maelezo. Sikuweza kula. Paja moja tu, na wali. Stephania hakuniangalia hata mara moja.

Wamepanga harusi ifungwe Bariadi, kisha msafara uende mpaka Karagwe kwa wazazi wa Wilbroad. Basi zima limekodiwa! Lakini Wilbroad kasema kutoka Bariadi kwenda kwao, kwa sababu ya mafuta, watapanda ndugu wa bwana harusi tu.

Sasa mimi nina shamba la kahawa Karagwe ambalo nimekuwa nikitaka kwenda kuliangalia. Baada ya chakula nimekaa karibu na mama yake Wilbroad, aliyekuja na posa. Nimemuuliza, taratibu tu, kama ana kaka yeyote aliyehama zamani.