Databukwe Karudi na Umeme

Jamani, leo nimeadhirika. Nawaandikia kutoka hapa Gisenyi.

Mnaijua ile kompyuta kubwa ya ofisini kwetu. Siku nilipoiwekea Linux niliipa jina databukwe, yaani baba mkwe wangu kwa Kinyarwanda. Inaguna kutwa, inachelewa kujibu, na ukiipa hiki inataka na kile. (Nilijiona mcheshi sana.)

Asubuhi mchumba wangu kapiga simu: baba yake yuko njiani, anataka kuiona kazi yangu kabla hajakubali twende kuposa. Mzee anauza maharage Goma, ng'ambo ya mpaka, na ameshaapa hamtoi binti yake kwa mtu wa kukaa mbele ya televisheni. Na yule databukwe mwingine yuko kwenye skrini! Mbio mbio nikaandika amri moja, jina likawa kivu, kama ziwa letu. Nikapumua.

Mzee akaingia. Mwenzangu Safari akampa kiti.

"Hii mashini inafanyaka nini?"

"Inatunza mambo yote ya ofisi, mzee. Hata umeme ukikatika, haisahau kitu!" (Nani alinituma?)

Umeme ukakatika.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jina jipya nilikuwa nimeliamuru tu, sikuliandika kwenye faili ambayo kompyuta huisoma inapowaka. Ikizimika, kivu kwisha, databukwe anarudi. Mungu wangu, nikaomba umeme usirudi wiki nzima.

Ukarudi. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, mmoja mmoja. Nikaenda kusimama mbele ya skrini, kuiziba.

"We kijana, toka pale, nione."

Nikatoka. Mzee akasogeza miwani. "Da-ta-bu-kwe."

"Ni heshima hiyo, mzee!" Safari akadakia.

Kompyuta ikaguna.

"Inalialiaka hivi kila siku?"

"Kila siku, mzee! Ndiyo maana tukai..." Safari akameza maneno.

Mzee akachukua kofia yake, akasimama.

"Bon. Ulisema haisahau. Kweli, haisahau. Na mi sisahau. Mukuje kuposa, mutoto wangu anakupenda, nitafanya nini? Lakini kwa ng'ombe za mahari, ongeza moja. Ile iko ya jina."

Sasa nimeliandika kivu kwenye faili. Nimezima, nimewasha, nimezima tena: halitoki. Na yule ng'ombe pia hatoki. Atakayecheka, achangie.