Bata Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Agneta kaenda Kaloleni kumwuguza mamake. Wiki mbili! Kaniachia kuku wake kumi na mmoja, aliowalea tangu vifaranga, na onyo moja: akirudi awakute kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, Karolina, alihamia kwa jirani yetu Lenox miezi miwili iliyopita na hataki kurudi. Hata kuku!

Lenox ana nini? Bata tisa, kuku wachache na adabu nyingi. Mke wangu kila siku ananiambia nimtazame mwenzangu. Namtazama. Kutwa namtazama, kupitia tundu la ua.

Leo kaja kwake mtafiti, Daktari Janice, na kisanduku cha barafu. Anawatoa bata damu. Kila bata kavishwa pete ya buluu yenye namba. Nimeishi Mjambere miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuhitaji damu ya chochote changu.

Jumatano, 5 Machi

Kideri kimeingia Mishomoroni, mtaa jirani. Kuku wanakufa.

Kafedha, dada wa chanjo, kabisha hodi asubuhi. Mwezi wa kwanza alianzia kwa Lenox, ndipo akaja kwangu. Nikamfungia geti. Safari hii kaanzia kwangu. Nikamfungia vilevile. Msimamo ni msimamo.

Isitoshe, nimenasa siri tunduni. Janice alikuwa akimweleza Lenox kwamba kila mnyama ana protini za kumlinda na maradhi, ila hazifanani. Iko moja inayonusa virusi vikishaingia mwilini na kupiga kelele, kama mlinzi wa geti. Bata anayo. Kuku aliipoteza vizazi na vizazi vilivyopita. Janice akasema, lakini... Hapo Lenox akamsogezea kiti na madafu, naye akamsifu kwa ukarimu. Sikuweza kuvumilia. Nikaondoka.

Hata protini kapewa Lenox!

Ijumaa, 7 Machi

Mtu mwenye mafua akilala chumbani na wenzake huwaambukiza. Mbona wasiambukizane afya? Sijui kwa nini wasomi hawajaliona hili.

Alfajiri nimemvuta Bata Namba Saba kwa makombo ya ugali, kapita chini ya ua, mwenyewe kaingia bandani mwangu. Si wizi, ni mgeni. Kaoga kwenye beseni. Maji yale nimewanywesha kuku wote kumi na mmoja. Wakinywa protini hiyo, kideri kitawapita, na watafiti watahamia kwangu. Lenox achungulie yeye.

Jumapili, 9 Machi

Lenox kaja kuniuliza kama nimemwona bata wake. Kaniletea mayai ya bata, ati nisipike peke yangu bila kitoweo. Nikamwambia huenda kicheche kamla. Namba Saba akalia bandani. Nikakohoa kwa nguvu. Lenox kanipa pole ya kifua.

Mayai yalikuwa matamu. Imeniudhi sana.

Jumatano, 12 Machi

Kuku watatu wamezubaa. Mmoja shingo imempinda. Nimewapa mshubiri na pilipili, kisha nikawaongezea maji ya bata. Huenda dozi ilikuwa ndogo.

Ijumaa, 14 Machi

Wamekwisha. Wote kumi na mmoja! Namba Saba kanona.

Janice kaja kuchukua damu tena, kahesabu bata, mmoja hayupo. Bata mwenyewe akaitikia kutoka kwangu. Wakafungua banda wakaona yote. Janice kaniambia protini ile haiambukizwi, mnyama huzaliwa nayo. Bata hubeba virusi bila kuugua, na kuvimwaga majini kwa mavi yake. Ati ndiyo sentensi aliyomalizia siku ile, baada ya madafu.

Lenox hakunitukana. Kachukua jembe, kanisaidia kuchimba shimo. Ningempa nini anitukane!

Jumatatu, 17 Machi

Agneta karudi. Kafungua banda, kasimama. Kawataja kuku wake kwa majina, mmoja mmoja, polepole. Mimi nikatazama miguu yangu. Nilihisi vibaya kweli.

Kisha kaenda kwa Lenox. Kamkuta Karolina mzima, kamkumbatia. Kafedha alimchanja pamoja na kuku wa Lenox mwezi ule wa kwanza. Agneta kamshukuru Lenox mara tatu. Nimehesabu, tunduni. Mimi hajanishukuru tangu tufunge ndoa.

Wote wanasema chanjo ndiyo iliyomwokoa. Mimi nasema Karolina alikuwa akilala na bata tisa. Mimi nilikuwa na mmoja.

Na nimesikia jipya. Janice kamweleza Agneta kwamba popo kawashinda hata bata: protini zake zimejipanga namna yake, hubeba virusi chungu nzima wala hapigi chafya. Akasema, lakini... Sikungoja. Nina kazi.

Darini mwa kanisa letu kuna popo hawapungui mia. Karolina analetwa nyumbani kesho. Wavu ninao. Ngazi nimeazima kwa Lenox.