Lafudhi ya Babu Kwenye Simu ya Samaki

Pittsburgh,
Jumatano, wiki ya tatu ya Kwaresima

Kwa Padre Zelenka,
Parokia ya Mtakatifu Ludmila.

Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Rosalyn Hudacek wa darasa la nane, yule anayesoma somo la kwanza kwenye Misa ya saa tatu. Nakuandikia kwa heshima na masikitiko kuhusu sauti inayopokea simu ya samaki. Jumapili kamati itaamua kama ujumbe wa zamani ufutwe na wangu uwekwe. Naomba uwe upande wangu.

Sauti hiyo ni ya babu yangu, Regis Hudacek. Kwa miaka ishirini na miwili, kila anayetaka kujua Ijumaa za Kwaresima parokia inauza nini ukumbini pamoja na samaki hupiga simu ya parokia, na mashine humletea Babu. Babu ni mtu mwema. Ninacholalamikia ni lafudhi yake tu, nayo ni ya Pittsburgh isiyotiwa maji.

1. Hafungui mdomo. Alifanya kazi kiwanda cha chuma tangu ujana, na huko, anasema, ukifungua mdomo unakula vumbi. Kiwanda kilifungwa kabla mama yangu hajaolewa, lakini mdomo bado haujapata habari.

2. Maswali yake hushuka mwishoni. Mwalimu Prentiss, anayetufundisha kuhutubia, na ambaye kwao ni mbali na hapa, anasema swali lipande kama mtu anayepanda ngazi. La Babu huteremka kama gari lisilo na breki mtaani kwetu. Akikuuliza kama unataka kabichi, unajiona umeshahukumiwa kula kabichi.

3. Orodha ya chakula haimtoshi. Akishataja samaki, pierogi zilizojazwa viazi na tambi za kabichi, anaendelea: "Sasa nyie watu, Mama Kosko kafukua theluji, kaweka kiti chake kushika nafasi ya gari, na kuna mtu kakihamisha. Tunakujua. Una gari la kijani. Kirudishe kabla sijaja mwenyewe." Theluji hiyo iliyeyuka mwaka juzi. Kiti kilirudi siku ileile. Tangazo bado lipo.

4. Watu wasiokula samaki wetu wanaishughulisha simu. Mama Kosko, mpishi wetu mkuu, ana mwana aitwaye Denny aliyehamia Arizona kutafuta kazi. Kila Ijumaa Denny hupiga namba ya parokia, husikiliza mpaka mwisho, hasa pale pa kiti, kisha hukata. Baba Paroko, ile ni simu ya samaki, si redio.

5. Lafudhi hii inaambukiza. Kila siku nafanya mazoezi nusu saa mbele ya kioo kwa ajili ya mashindano ya hotuba ya Harrisburg. Kisha Babu anaita kutoka jikoni: "We Roz! Chakula kinapoa! Unaongea na nani humo bafuni, malkia?" Nami namjibu kwa mdomo wake mwenyewe, na nusu saa yangu imekwisha. Mwaka jana mwamuzi aliandika kwenye karatasi yangu: "Ana akili, lakini huyu ametoka wapi?" Nililia garini mpaka nyumbani.

6. Kwa hiyo napendekeza lafudhi hii iruhusiwe jikoni, uwanja wa mpira, na kwenye kitubio, ambako Mungu ameshaizoea. Kwingine ikatazwe taratibu. Baada ya vizazi viwili itakuwa imekwisha bila kumuumiza mtu, na watoto wa Pittsburgh wataweza kuonekana wametoka popote.

Leo Mama Kosko ameniruhusu kurekodi ujumbe wa majaribio wa Ijumaa hii. Una sekunde thelathini na moja, na kila neno linasikika. Kanda ya Babu tumeiweka kwenye droo ya vijiko, jikoni mwa ukumbi. Yeye sijamwambia. Nataka ajue mambo yakishakuwa mazuri.

Nisalimie Shemasi, akina mama wote wa jikoni, na yule mwenye gari la kijani.

Ni mimi, muumini wako mwenye matumaini,
Rosalyn Hudacek

Nyongeza, Jumamosi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni jana. Watu walipiga simu, wakasikia sauti yangu, wakakata. Trei tisa za samaki zilibaki. Denny alimpigia mama yake akilia: "Mama, Regis kafa na hamkuniambia?" Kwa kuwa hakuna aliyeweza kufikiria sababu nyingine ya kumwondoa Babu kwenye simu, saa kumi na moja mtaa mzima ulikuwa kwenye ngazi zetu na masinia ya biskuti. Mmoja alileta paja la nguruwe, akakumbuka ni Ijumaa ya Kwaresima na nyama hailiwi, akalificha nyuma ya koti.

Nilifungua mlango nikawaeleza kama nilivyofundishwa, mdomo wazi, pumzi kutoka tumboni. Mama Kosko, ambaye sasa aliamini kwamba niliomba kurekodi kwa sababu ya msiba, akanikumbatia, akawaambia wenzake, "Masikini, mshtuko huo. Msikieni anavyoongea."

Ndipo nikapiga kelele kwa mdomo wa Babu: "Nyie watu, hajafa! Yuko juu anasoma gazeti! Mnaingia au mnaipoza nyumba?"

Wakaamini papo hapo. Kutoka juu Babu akauliza, "Nani huyo anayeongea vizuri hivyo?"

Baba Paroko, kanda iko palepale, droo ya vijiko. Nakuomba irudishwe kwenye mashine, na kamati isiifute.

Babu nilimjibu kuwa ni mimi. Akashuka, akapita katikati ya waombolezaji wake, akachukua sahani, akaniuliza kama nataka kabichi. Swali liliteremka mpaka chini kabisa. Nikala.