Mboga Alizokataza Daktari

Jumatatu, 4 Juni 1984
Nimetoka hospitali, nimerudi Kagongwa. Daktari kasema moyo wangu unapiga hovyo, kama ngoma ya watoto. Damu inatuama humo ndani, inaganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Kanipa vidonge vya kuzuia damu isigande. Kimoja kila jioni, kupima damu kila Jumatatu, na mboga za majani nile kiasi kilekile siku zote. Nikizidisha, dawa inaishiwa nguvu na damu inaganda; nikipunguza, dawa inazidi nguvu na damu inakuwa nyepesi mno.

Nimemwambia mke wangu Febronia: daktari kakataza mboga za majani! Miaka ishirini na sita ya nsansa, yale majani makavu ya kunde, imekwisha leo. Mungu mkubwa!

Alhamisi, 7 Juni
Kuku. Jana kuku. Juzi kuku. Febronia kauliza, Baba Salvina, banda likiisha tutakula nini? Nimemwambia uhai una gharama.

Mtani wangu Akida, Mzaramo muuza vitenge, ana moyo kama wangu. Huyo anameza kidonge adhana ya magharibi ikilia, na mchicha anaupima kwa kikombe. Mtu mzima!

Jumatatu, 11 Juni
Fizi zinatoka damu. Nimejikata kidevu nikinyoa, nimefika kupimwa na shati jekundu. Nesi Scolastika kasema damu yangu imekuwa nyepesi mno. Ya Akida iko sawasawa, na kasifiwa mbele ya foleni nzima. Alivyonyoosha shingo!

Nikaulizwa, mboga je? Nikasema nakula kama kawaida. Ningesemaje, na Akida amekaa pale masikio wazi? Basi daktari kanipunguzia dawa.

Jumatano, 13 Juni
Balaa! Akida kaja kunijulia hali, kamwambia Febronia kwamba wenye moyo huu wameamriwa kula mboga kila siku. Huyu ni mtani au mchawi? Febronia kaingia jikoni. Jioni kaleta nsansa, bakuli limejaa.

Jumanne, 19 Juni
Nsansa asubuhi, mchana, jioni. Yenye karanga. Isiyo na karanga. Dawa ilipunguzwa nikiwa nakula kuku, sasa nakula shamba zima. Nilipaswa kumweleza Scolastika jana, lakini Akida angejua mimi mwongo. Sikwenda kupimwa. Heshima kwanza.

Alhamisi, 21 Juni
Naandika kwa taabu. Asubuhi kikombe kiliniponyoka. Mdomo ukaenda upande. Nataka kumwita Febronia, sauti haitoki. Niliogopa. Niliogopa kweli. Febronia akamkimbilia Akida, naye akanipakia kwenye pikapu yake hadi hospitali bila utani hata mmoja. Baada ya nusu saa mkono ukarudi. Daktari kasema hicho kilikuwa kiharusi kinapiga hodi, na safari ijayo hakitangoja kukaribishwa.

Febronia alilia pale koridoni mbele za watu. Kasema kumbe ningekuua kwa mikono yangu, Baba Salvina. Nami nikalia. Nimeapa: uongo basi, mpaka kaburini.

Jumapili, 24 Juni
Baada ya misa Febronia kaniuliza daktari kasema ugonjwa huu hasa unachochewa na nini. Nimemwambia, kelele za mke.

Kasema kesho twende wote, akamsikie huyo daktari kwa masikio yake mwenyewe. Nimemwambia siku ya kupimwa imehamishwa, sasa ni Jumatano.

Jumatano nitamwambia ilikuwa Jumatatu.