Apu Iliyohesabu Tamaa

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu yeyote pale jengoni. Lakini tangu aweke meza yake ya vioo na makava ya simu kwenye mlango wa jengo lile la ofisi, alimwita kila apitaye shemeji, mwanamke kwa mwanamume, mpaka jina likamgeukia mwenyewe. Kwa mtu wa kazi yake ni jina zuri. Nani anamdai shemeji yake risiti?

Na kazi yake, tuseme wazi, haikuwa vioo. Vioo vilikuwa kisingizio cha kushika simu za watu, maana anayekuachia simu yake amekuachia na roho yake. Hakuiba. Wizi aliuona ni kazi ya watu walionyimwa maneno, na yeye maneno alijaliwa mpaka ya ziada.

Asubuhi moja Mhasibu wa ofisi ya bima, ghorofa ya pili, alimletea simu iliyopasuka kioo. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na mkono wa birika unaojulikana jengo zima. Shemeji alipokuwa anabandika kioo kipya, simu iliwaka. Palitokea picha ya sahani, na katikati ya sahani kufuli dogo la rangi ya dhahabu.

"Hii nini tena, shemeji?"

"Achana nayo. Inaitwa Sahani, ni apu ya kuhesabu kalori." Mhasibu alishusha pumzi. "Mkurugenzi ametangaza mashindano. Atakayepungua uzito zaidi ya wenzake atalipiwa likizo, yeye na familia yake. Sasa ofisi nzima tunahesabu."

"Na hili kufuli?"

"Ya bure inahesabu chakula cha asubuhi tu. Cha mchana na cha jioni mpaka ulipie. Hiyo ya kulipia ndiyo wanaiita Dhahabu. Mwenzio nalala nawaza, naamka nawaza. Nilipe, nisilipe? Nikilipa, nimetoa hela yangu ili niambiwe nisile. Nisipolipa, ikifika mchana nakula gizani."

"Na wenzako wamelipa?"

"Nani alipe? Kila mmoja anamsubiri mwenzake alipe kwanza, halafu amuulize kama ina faida."

Mwingine angesikia hapo ofisi yenye njaa. Shemeji alisikia chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa mtaa wa nyuma: mlango mmoja, dirisha moja, ukuta uliopakwa rangi karibuni. Shemeji alikuwa analala kwenye kochi la dada yake, sebuleni, mwaka wa tatu sasa. Mwisho wa mwezi mama mkwe wa dada alikuwa anakuja kukaa, na kochi lilikuwa limeshaahidiwa. Dada alimwambia kwa upole, huku anakunja shuka zake, "Kaka, nakupenda, lakini mama mkwe wangu hawezi kulala chini." Mwenye chumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Shemeji alikitamani chumba kile kwa namna iliyomtia haya. Alitaka kufunga mlango, akae ndani, asimwite mtu yeyote shemeji mpaka asubuhi.

"Usilipe," alimwambia Mhasibu, akimrudishia simu kwa mikono miwili. "Bei ile ni kuonewa. Mimi nina ndugu yangu ndani ya kampuni yenyewe. Nakupa Dhahabu, mwaka mzima, nusu bei. Ila usimwambie mtu, utamharibia ndugu yangu kazi."

Mhasibu alifikiri, akaomba apunguziwe, akanyimwa, akafikiri tena, akalipa.

Ndugu wa ndani ya kampuni hakuwahi kuzaliwa. Ukweli ni kwamba Sahani ilikuwa inatoa mwezi wa kwanza wa Dhahabu bure kwa yeyote atakayeiruhusu ijikatie hela kwenye simu yake baadaye. Shemeji alifungua akaunti moja, akaiunganisha na salio lake, akatia tiki kila palipotaka tiki bila kusoma, kama tufanyavyo sote. Mpango ulikuwa aifute kabla mwezi haujaisha, na siku hiyohiyo meza ihamie jengo jingine. Akaunti ile aliyompa Mhasibu, kesho yake akamuuzia Dereva. Kisha akamuuzia Dada wa Mapokezi. Kisha Katibu, ambaye alinunua mbili, yake na ya Mkurugenzi, kwa kuwa Mkurugenzi naye si mtu wa kulipa bei kamili. Kila mmoja aliapa kutunza siri, na kila mmoja alipewa neno la siri lilelile.

Siku chache baadaye Mhasibu alishuka ngazi akiwa ameishika simu mbali na mwili, kama kitu kinachovuja.

"Shemeji, hebu ona. Mimi tangu asubuhi nimekula yai moja na chai isiyo na sukari. Hapa wanasema saa nne nimekula kuku mzima."

Shemeji alitazama orodha. Yai la Mhasibu lilikuwepo. Lakini chini yake ilikuwepo mikate ya Dereva, keki ya Dada wa Mapokezi, na kuku wa mtu asiyejulikana. Haikuwahi kumpitia kichwani kwamba watu watano wakila ndani ya akaunti moja, vyakula vyao vitakutana. Yeye hakuwahi kuhesabu kalori. Kwa maisha yake ilitosha kuhesabu milo.

Tapeli wa kawaida angekimbia. Shemeji alifumba macho kidogo, akaonekana mtu anayeusikitikia ulimwengu.

"Kumbe hawakukueleza? Ile ya bure, shemeji yangu, inahesabu ulichokula. Ya kulipia inahesabu ulichotamani."

"Nilichotamani?"

"Ndiyo ikaitwa Dhahabu. Unene unaanzia wapi? Mdomoni? Unaanzia kwenye tamaa. Hii inasoma joto la vidole vyako unavyoishika simu. Sasa niambie ukweli, tuko wawili tu hapa. Saa nne asubuhi, kuku ulimfikiria au hukumfikiria?"

Mhasibu alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Paja tu."

"Unaona? Inazidisha kidogo ili ujihadhari."

Mhasibu alipanda ngazi polepole, na mchana ule hakula kabisa, kwa aibu.

Uongo ule ulitoka mzuri kuliko bidhaa yenyewe. Dereva alikuja kulalamika kwamba hajawahi hata siku moja kutamani chai isiyo na sukari. Shemeji akamwambia hiyo ni afya yake inaomba msaada. Dada wa Mapokezi alikuja macho mekundu, akitaka kujua ni tangu lini moyo wake umekuwa wa kutamani mikate yote ile, naye akapewa pole na ushauri. Ikafika mahali ofisi ya bima ikaanza kupungua kweli. Watu walikula kwa woga, wakikwepa hata kutazama chakula huku wameshika simu. Shemeji alianza kujiona mgunduzi. Aliishangaa kampuni ya Sahani, yenye wasomi wote wale, kwa kutolifikiria jambo hilo mapema.

Kilichomponza ni uvivu wa Mkurugenzi.

Dhahabu ilimruhusu mtu kupiga picha sahani yake badala ya kuandika. Mkurugenzi, aliyechoka kuandika kuku kila siku, akaanza kupiga picha. Siku hiyo Mhasibu, mezani kwake, alifungua simu ili aone leo ametamani nini. Akamwona kuku amekaangwa, amelala juu ya meza ya kioo, pembeni ya mhuri wa ofisi. Kwenye kona ya picha palikuwa na mkono umeshika bawa, na kwenye kidole pete kubwa yenye jiwe jeusi. Pete ile Mhasibu alikuwa anaiona kila mwezi, ikitia sahihi mishahara.

Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Tamaa yangu," alijisemea, "ina pete ya Mkurugenzi."

Akaenda kwa Katibu. "Bosi yupo?"

"Yupo kwenye kikao. Amefunga mlango."

"Kikao na nani?"

Katibu alisita. "Peke yake."

Chini ya mlango ilikuwa inatoka harufu ya kikao hicho, na wote wawili waliivuta. Kisha Mhasibu akauliza, "Mwenzangu, wewe Dhahabu umenunua kwa Shemeji?" Katibu akaitoa simu yake bila kubisha. Waliweka simu mbili mezani, wakaandika karanga kwenye moja, na karanga zikatokea kwenye nyingine. Katibu akavua kiatu, akainuka kwenda chini. Mhasibu akamshika mkono.

"Ukimpiga kiatu, hela yetu itarudi?"

"Haitarudi, lakini nitapoa."

"Kaa kwanza."

Mhasibu alifungua mipangilio ya akaunti na kuanza kuyasoma masharti yote, kidole kikitembea chini ya mistari, jinsi anavyosoma madai ya wateja wanaosema nyumba imeungua yenyewe. Alipofika mwisho alitabasamu. Katibu alikuwa amefanya naye kazi miaka mingi, na hakujua kama mwenzake ana meno mazuri vile.

Asubuhi iliyofuata Shemeji alikuwa mtaa wa nyuma, ndani ya chumba chake. Mama mwenye nyumba alisimama koridoni na funguo. Shemeji alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, akakaa kimya upande wa ndani.

"Wewe kijana, mbona unaufungafunga?" mama aliuliza.

"Naupima tu, mama. Uko sawa kabisa."

Moyo ulikuwa umemjaa. Alitoa simu atume kodi. Simu ikamjibu kwamba salio halitoshi. Alicheka, akarudia. Salio halitoshi. Hapo ndipo alipokumbuka ujumbe wa jana jioni ambao aliuona juujuu akadhani ni tangazo. Aliufungua. *Hongera! Umehamia Sahani Dhahabu, mpango wa Familia, mwaka mzima. Kwa kuhama huku muda wa majaribio umekwisha, malipo yamepokelewa.* Alijaribu kuingia kwenye akaunti aifute. Akaambiwa neno la siri si sahihi.

Ghorofa ya pili alifika akihema. Mhasibu alikuwa anakunywa chai yake isiyo na sukari.

"Shemeji, kuna hitilafu kidogo kwenye ile akaunti."

"Hitilafu gani? Kwangu inafanya kazi vizuri sana. Tangu jana jioni kila mtu ana sahani yake. Tamaa zimekwisha zote."

"Imekata hela yangu yote."

"Yako? Si ulisema ni ya ndugu yako wa ndani ya kampuni?"

Shemeji alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, alikuta hamna kitu. Angeshtaki kwa nani, na angeanzia wapi? Nyuma ya Mhasibu alisimama Katibu, kiatu mkononi, kwa tahadhari.

"Kile kilikuwa chumba changu," alisema mwishowe, bila utamu wowote. "Nilikuwa nimeshaingia ndani. Mlango ulikuwa unafunga vizuri."

Mhasibu alishusha kikombe. Alimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli, ila haikufika kwenye pochi.

"Pole, mwanangu. Unajua nimejiuliza siku nyingi, ilipiwe au isilipiwe. Sasa nimeitumia, nimeona ina faida. Imeamuliwa ilipiwe. Lililokuwa linanishinda ni nani alipe." Alikunywa funda moja. "Mpango wa Familia una nafasi sita. Sisi tuko watano. Ya sita tumekuandika wewe."

Mkurugenzi hakuulizwa lolote. Ila alipokabidhiwa akaunti yake mpya na Katibu, pamoja na picha moja iliyokuwa imepotelea kwa watu, alitangaza kwamba yeye anajitoa kwenye mashindano kwa sababu za kiafya, na kwamba likizo iliyoahidiwa itagawanywa kwa wafanyakazi wote sawasawa.

Jumamosi mama mkwe aliwasili na mizigo yake, akakaa kwenye kochi, akalisifu. Shemeji akahamia kwenye mkeka, jikoni, ambako hakuna mlango wa kufunga wala wa kufungua.

Jumatatu mchana alikuwa mezani kwake pale jengoni. Hakuhama. Kuhama kunataka nauli. Watu walipita na vyakula vyao, wakimsalimia shemeji, shemeji, na yeye akiitikia bila kunyanyua kichwa. Mfukoni hakuwa na hata ya mkate. Simu ikatetemeka: *Habari za mchana! Leo umekula nini?*

Alitaka kuizima. Halafu, kwa sababu asizozijua mwenyewe, akaandika ukweli, kitu ambacho hakuwa amekifanya kazini miaka mingi. *Sijala.*

Kioo kikajaa nyota za dhahabu. Apu ikamwambia hongera, leo anaongoza katika familia yake.