Jarida Lisilosomwa na Mhariri Wake

Tai Ndefu aliamini mambo mawili tu duniani: kwamba wajinga ndio waliwao, na kwamba mjinga aliyesoma huliwa kwa heshima zaidi. Imani hiyo ya pili aliipata Jumatatu moja asubuhi, mhadhiri alipoingia kwenye kibanda chake cha fotokopi, mkabala na lango la chuo kikuu, kunakili barua ya kukataliwa.

Tai Ndefu mwenyewe hakuwa msomi. Alikuwa na mashine mbili, moja nzima na moja ya kunyofolewa vipuri, kamera ya picha za pasipoti, na tai nyekundu iliyomvuka mkanda, ambayo hakuivua hata wakati wa kubadilisha wino. Tai hiyo ndiyo iliyompa jina, na tuseme ukweli, ndiyo iliyompa nusu ya heshima aliyokuwa nayo pale mtaani.

"Nakala ngapi, mwalimu?"

"Moja tu, ya kumwonyesha mke wangu." Mhadhiri akajifuta jasho. "Miaka sita niko cheo kile kile, ndugu yangu. Bila makala tatu kwenye majarida, sipandi. Na majarida yenyewe hayanitaki."

"Pole sana. Unaandika kuhusu nini?"

"Saikolojia ya siasa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kwa ufupi, tunachunguza kwa nini watu wenye akili zao humwamini mtu anayewadanganya."

Tai Ndefu akaizima mashine. Jambo hilo alikuwa akilifanyia utafiti tangu ana miaka tisa, tena bila cheti. "Na hizo makala huwa anazisoma nani?"

"Nani azisome? Kamati ya vyeo inazihesabu tu."

Kitu kinachotakiwa na wote na kisichosomwa na yeyote! Tai Ndefu alijua amelamba dume. Kabla ya saa saba mchana lilikuwapo duniani Jarida la Kimataifa la Saikolojia ya Siasa, lenye mhuri wa duara, sanduku la posta, na ada ndogo ya uchapishaji ambayo haikuwa ndogo.

Jarida la heshima huwa na bodi ya wahariri. Tai Ndefu alivuta droo ya picha za pasipoti ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akateua maprofesa saba kwa kuangalia nani amenyoosha kola. Fundi bomba mmoja, mtu mpole asiye na kosa lolote, alilala usiku huo akiwa bingwa wa tabia za wapiga kura.

Wiki ya pili mhadhiri akarudi na habari mbaya. Kamati ilitaka ripoti ya mhakiki, tena uhakiki wa siri: mwandishi asimjue mhakiki, mhakiki asimjue mwandishi. Tai Ndefu akamtoa wasiwasi, akafunga kibanda, akaenda kwa mtu pekee aliyemjua ambaye angeweza kusoma kitu mpaka mwisho. Huyo alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyemlea na kumchapa kwa kiasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, shangazi! Nimekuletea kazi. Insha za watu wazima. Majina nimeyafuta, ndio utaratibu wao. Wewe weka tiki tu."

"Tiki haiwekwi tu. Tiki inastahiliwa." Shangazi akavaa miwani, akaitafuta kalamu nyekundu kwenye kopo la majani ya chai, na uso wake, uliokuwa umepooza tangu alipostaafu, ukachangamka.

Makala ilirudi baada ya siku mbili utadhani imechinjiwa kuku. Thelathini na moja kwa mia. "Ukurasa wa nne unasema watu wote. Ukurasa wa tisa unasema watu kumi na wawili. Ni wangapi?" Na chini kabisa: "Rudia. Unaweza."

Tai Ndefu alishika kichwa. Mtu mwenye hekima angekaa akachapa ripoti nyingine, tamu. Lakini mtu wa fotokopi ni mtu wa fotokopi: kuchapa ni kazi, kunakili ni kubonyeza kitufe. Akaunakili mwandiko wa shangazi vile vile ulivyo, akagonga mhuri, akasubiri matusi.

Mhadhiri alikuja kesho yake, machozi yakimlengalenga. "Huyu mhakiki ni wa wapi?"

"Ng'ambo," alisema Tai Ndefu, akitazama mlango wa kukimbilia.

"Nilijua! Hapa kwetu hakuna anayesoma kazi ya mwenzake mpaka ukurasa wa mwisho."

Aliirudia mara tatu, akapata sitini na nne, akaubusu mhuri. Habari zikaenea vyumba vya wahadhiri vyote. Wakaja wa siasa, wakaja wa saikolojia, akaja na mmoja wa kilimo aliyeongeza neno "mpiga kura" kwenye makala ya mbolea. Wote walirudishiwa, wote walirudia, na kila aliyepita alitembea siku nzima kama bwana harusi. Wakati wote huo mhariri mwenyewe hakusoma hata mstari mmoja. Alihesabu kurasa na kupiga stepla.

Mwezi wa tano mhadhiri msaidizi, dada mmoja wa miwani mikubwa, alikuja kuchukua ripoti yake. Aliisoma amesimama pale pale, alipofika chini akayarudia maneno ya mwisho mara ya pili. Kisha akanunua matoleo yote yaliyopita. Akaomba apigwe picha ya pasipoti, na wakati mashine inapata moto akaitazama sana droo iliyo wazi, akauliza maswali mengi kuhusu kazi ya uhariri. Tai Ndefu aliyajibu yote kwa bashasha. Nani angemkatalia mtu anayependa elimu?

Mwaka ulipokaribia kutimia, samaki mkubwa alikuja mwenyewe. Mkuu wa Kitivo, mwenye tumbo la vikao na suti ya vikao, aliinama akaingia kibandani.

"Nataka hili jarida liwe chini ya kitivo changu. Nina makala tano, zitoke zote toleo la mwaka. Bila maneno ya kalamu nyekundu, tunaelewana?"

"Tunaelewana sana, mheshimiwa. Na mimi?"

"Utapata ofisi ghorofa ya pili. Mlango wenye kibao: Mhariri Mkuu, na jina lako."

Hapo ujanja wote ulimtoka Tai Ndefu. Baba yake alifagia korido za ghorofa ile ya pili miaka ishirini na saba. Kila asubuhi alivifuta vile vibao vya shaba kimoja kimoja kwa kitambaa, na mwanawe akimfuata nyuma, akijifunza kusoma kwa majina ya watu wengine. Fedha Tai Ndefu aliipenda, lakini kibao alikitaka mpaka kilimuuma.

Shangazi alizisoma zile makala tano kwa jioni moja. "Hizi tano ni moja," aliandika. "Amebadilisha vichwa vya habari. Sifuri, mara tano." Tai Ndefu aliificha ripoti hiyo chini ya mashine mbovu, akachukua kalamu nyekundu, akajiwekea tiki tano mwenyewe. Kujaza kurasa zilizobaki alichukua makala pekee ambayo shangazi aliipitisha bila doa, ya yule dada wa miwani, iliyorudi kutoka kwa shangazi pamoja na zile tano ikiwa imezidi ukurasa mmoja: "Imani kwa Mhuri: Uchunguzi wa Taasisi Moja." Kurasa ishirini na mbili. Idadi nzuri, inagawanyika.

Siku tatu kabla ya sherehe ya kuzindua toleo hilo chuoni, shangazi alipita kibandani na karatasi. "Ninakilie hii mara tatu, kisha uweke sahihi zote."

"Ni nini, shangazi?"

"Mambo ya jarida. Isome."

"Wewe si umeisoma? Inatosha."

"Mwanangu, nimesema isome."

"Shangazi, nina nakala mia mbili za kupiga stepla!" Akasaini zote tatu kwa mikogo. Shangazi akamtazama kwa huruma kidogo, akakunja karatasi zake, akaondoka.

Ukumbi ulijaa. Tai Ndefu alikaa meza kuu na tai mpya, ndefu kuliko ya zamani. Pembeni, kibao kilisimama kimefunikwa kitambaa. Mkuu wa Kitivo alisoma dibaji yake kwa sauti ya kuhutubia uwanja: "Nimepitia kila makala iliyomo humu, na nathibitisha kwamba kila neno ni kweli!" Akapigiwa makofi.

Makamu Mkuu wa Chuo, mama asiyekuwa na haraka, alifungua toleo lake katikati. Akasoma. Akavua miwani, akavaa tena. "Hii ya Imani kwa Mhuri ni nzuri mno," alisema. "Niwasomee kidogo."

Na akawasomea. "'Taasisi tuliyoichunguza ni jarida hili hili. Wajumbe wa bodi yake ni picha za pasipoti zisizochukuliwa. Mmoja ni fundi aliyetutengenezea bomba la maabara. Mhariri hajawahi kusoma makala yoyote, ikiwemo hii. Ushahidi ni kwamba imechapishwa.'"

Kicheko kilianzia safu za nyuma. Tai Ndefu alihisi kiti kinazama.

"'Hata hivyo, jarida lina mhakiki mmoja wa kweli. Mtafiti aliutambua mwandiko wake, kwa sababu maneno yale mawili, Rudia na Unaweza, aliandikiwa na mkono huo huo darasa la nne, kwenye daftari la hesabu, akamwendea mwalimu wake. Mhakiki huyo ameonyesha pia kwamba makala tano za toleo hili ni moja.'"

"Uongo!" Mkuu wa Kitivo aliruka. "Uzushi mtupu!"

"Lakini mwenzetu," alisema Makamu Mkuu taratibu, "umethibitisha sasa hivi kwamba kila neno ni kweli."

Mkuu wa Kitivo akakaa. Alikaa sana. Tai Ndefu naye akasimama, maana maji yakizidi unga hata mjanja huomba msamaha. "Waheshimiwa, kama mwenye jarida, naomba..."

"Mwenye jarida ni nani?" Shangazi alikuwa amenyanyuka safu ya mbele, gauni limepigwa pasi, na karatasi tatu mkononi. "Hapa umenikabidhi mimi jarida lote, na mhuri wake, na uhariri wake. Sahihi ni yako, na nakala umezitoa wewe. Nilikwambia isome, mara mbili."

Mwosha huoshwa. Yule dada wa miwani, aliyekuwa amekipeleka kibao kuchongwa upya kwa nguvu ya zile sahihi, akavuta kitambaa. MHARIRI MKUU, kibao kilisema, na chini yake jina la shangazi, refu, kamili. Ukumbi ulishangilia, na waliopiga makofi kwa nguvu zaidi ni wale wale waliowahi kupewa thelathini na moja. Ada ikafutwa siku ile ile.

Kibao kilipigiliwa Jumatatu, na aliyeshika bisibisi alikuwa Tai Ndefu, kwa amri ya mhariri. Alikaza skrubu nne kwa hasira. Kisha akakisoma polepole kama zamani. Jina la mwisho pale chini lilikuwa la babu, ambalo shangazi alichangia na kaka yake, mfagiaji.  Tai Ndefu akashika ncha ya tai yake, akakifuta kile kibao mpaka kikang'aa.

Sasa yeye ni mpiga chapa wa jarida. Lakini mhariri mpya alimpa sharti: aandike makala moja, kurasa kumi, kuhusu namna alivyowadanganya watu waliosoma, na ipitie uhakiki kama za wengine, jina limefutwa. Aliiandika kwa usiku mmoja, akaituma kwa posta, akaisubiri kama mwanafunzi.

Ilirudi na ishirini na tisa kwa mia, nyekundu tupu. Na chini kabisa, kwa mwandiko anaoujua tangu utotoni: "Ukurasa wa pili unasema hukujali chochote ila fedha. Mbona kibao umekitaja mara kumi na moja? Rudia. Unaweza."